Mashine Isiyo na Wembe

Kifurushi kilipoletwa dukani kwangu hapa Kiirua, nilidhani ni mbegu. Nauza mbegu, mbolea na dawa za ng'ombe, na vifurushi vinavyonifikia huwa na harufu ya kukausha koo. Hiki kilikuwa chepesi, na mwenyewe alikuwa mwanangu wa pili, kijana aliyemaliza shule juzijuzi na ambaye ndevu zake, nikisema kwa haki, bado zinatafutwa kwa tochi. Alikifungua juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na bakuli la mbao, brashi nene, mashine ya kunyolea ya chuma, ile ya kufunguliwa na kutiwa wembe, na kopo la sabuni.

"Mathe, cheki hii brashi," akasema. "Ni nywele za mnyama fulani wa huko majuu, anakaa kama nyegere. Ukinyoa na hii huwezi toka vipele. Nimeona kwa video, vijana wote wamerudia hii ya zamani."

Akafungua kopo la sabuni, akanisogezea puani.

Nilisema kuna mteja nje, nikatoka, nikasimama kando ya magunia ya mbolea mpaka macho yakanikauka. Kijana alidhani nimeudhiwa na habari za nyegere. Angejuaje? Sabuni ile ilinukia Jumamosi. Ilinukia nyumba ya Guka kule Kianjokoma, maji yakichemka jikoni, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, na mimi nimesimama juu ya kigoda, nimeshika kidevu cha mzee kwa vidole viwili, nikijiona mtu wa maana kuliko watu wote wa Embu.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka nyumba za namna ile, babu upande huu wa ua, mama upande ule, baba ni mtu wa kuja mwisho wa mwezi. Baba yangu alikuwa mwalimu Muthara, mbali kule Tigania. Mama alibaki na shamba na sisi watoto, na Guka, baba yake Baba, alibaki na Cucu, mkewe, mpaka Cucu alipotuacha.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na jina hilo haliji peke yake. Linakuja na mume, kwa kuwa babu yako atakuita mke wangu mpaka siku atakayofumba macho. Linakuja pia na mtoto mkubwa mwenye masharubu, kwa kuwa baba yako atakuita Mama. Watu wazima huyasema haya kwa mapenzi na utani. Mimi sikujua kuna utani ndani yake. Nilidhani nimekabidhiwa kazi, na Cucu alipokufa nikadhani kazi yote sasa imenibakia mimi.

Kufa kwake nilikuona kwa karibu. Nilikuwa ndiye ninayemchana nywele kila jioni, nywele chache laini zenye mvi. Siku moja akaushika mkono wangu wenye kitana akasema, "Wacha tu." Nikawacha. Kesho yake vilevile, wacha tu. Haikupita wiki tukamlilia. Hakuna aliyenieleza habari za moyo uliochoka wala dawa zilizokataa kufanya kazi. Nilichokijua mimi ni kwamba alikataa kutengenezwa, nami nikakubali, basi akaenda. Nikaiweka hiyo moyoni kama fundisho.

Baada ya mazishi ndipo yakatokea yaliyotutenga. Desturi ni kwamba watoto wa marehemu hunyolewa kichwa. Wazee walileta kiti uani, wakaleta maji na wembe, shangazi zangu wakakaa mmoja baada ya mwingine, nywele zikaanguka. Ikafika zamu ya Baba. Alikuwa mtoto wa kiume pekee. Akasimama na suti yake, Biblia mkononi, akasema kwa sauti ya darasani, "Mimi nimeokoka. Hayo mambo niliyaacha. Mama nimemlilia, na Mungu ameona."

Guka hakugomba. Aliinuka, akaenda nyumbani kwake, akafunga mlango. Tangu siku ile, Baba akija mwisho wa mwezi na kunyoosha mkono, Guka alimsalimia kwa mdomo. Mkono hakumpa. Baba alibaki na mkono wake hewani kidogo, kisha akaushusha na kujifanya anafuta suruali.

Wakati huo niliona ni haki yake kabisa. Nilikuwa Cucu, na huyu mwanangu hakuninyolea.

Kisha Guka akapooza upande wa kulia. Alirudi kutoka hospitalini mguu ukiburuta, mkono umejikunja kifuani, mdomo umeshuka kidogo lakini maneno yakieleweka. Alivumilia mengi. Asilolivumilia ni ndevu. Ujanani alipika katika misheni fulani, na huko ndiko alikojifunza kunyoa kwa brashi na sabuni. Maisha yake yote Jumamosi asubuhi alikaa mbele ya kioo, ili Jumapili aingie kanisani na mashavu yanayong'aa. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa ukimkatakata. Kinyozi wa sokoni alikuja mara moja na mashine ya umeme. Guka akasema ile inapalilia, hainyoi. Mama yangu asingeweza kumgusa uso, ni mkwe wake. Baba, mnajua.

"Mke wangu yupo," Guka akasema. "Huyu si ndiye mwenyewe? Kuja hapa."

Nilikuwa darasa la tano.

Vifaa vyake vilikaa katika kopo la biskuti lililobabuka rangi. Brashi ya nywele ngumu iliyopungua katikati. Mashine nzito ya vipande vitatu. Jiwe la shabu la kufunga damu, lililolika likawa na umbo la kiganja chake. Nilitaka kuanza mara moja. Hakunipa wembe. Alinipa mashine tupu na kibuyu cha uji, akaniambia nikipake povu kibuyu kile na kukinyoa mpaka nisisikie kelele.

"Unakwangua," alisema. "Hiyo chuma ni nzito yenyewe. Wewe kazi yako ni kuishika isianguke. Usiisukume."

Wiki baada ya wiki nilikinyoa kibuyu, kisha nikaruhusiwa kuunyoa uso wake kwa mashine ileile isiyo na wembe. Nilijifunza kulowesha brashi mpaka ilainike, kisha kuikung'uta, kwa sababu maji mengi hufanya povu la kufulia, lenye mapovu makubwa, na yeye alitaka zito kama maziwa ya mgando. Nilijifunza kumwekea kitambaa cha maji moto kwanza na kuacha ndevu zilegee. Alinifundisha kupapasa kwa vidole kuona nywele zimelalia wapi, kwani shavuni hushuka lakini shingoni huenda kando, na ukizipinga mara ya kwanza utaona damu. Kidole gumba kivute ngozi. Mashine ilale. Siku aliyonipa wembe wenyewe, uliofungwa katika karatasi yake nyembamba, nilitetemeka mpaka akacheka na povu likamwingia mdomoni.

Nilimnyoa bila kumkata. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuniambia kitu.

Nadhani Baba aliona wivu kabla mimi sijajua neno hilo lina maana gani. Alikuja mwisho wa mwezi, akakaa barazani kwa Guka na kikombe cha chai, mlango ukiwa wazi. Alinitazama nikifanya kazi yangu. Mwezi uliofuata alinipa kifurushi kidogo pembeni ya zizi.

"Mama, hizi nyembe mpatie Guka ajaribu. Usiseme ni mimi."

Nilisema ni yeye, bila shaka. Mtoto hawezi kukaa na jambo kama hilo. Guka akaugeuza wembe mmoja kwenye mwanga, akanikubalia niutie. Nilipomaliza akapapasa shavu. "Zinang'oa hizi," akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na barazani Baba akaweka kikombe chini. Mwezi mwingine zikaja za aina nyingine. "Hizi ni kali mno, ni za kijana." Kisha nyingine. "Eeh. Hizi sasa." Ndipo ikaja brashi mpya, laini, na Guka akaisugua kwenye kiganja kibovu kwa muda mrefu, akisema inashika maji vizuri. Nilichukia. Kwangu ilikuwa wazi kwamba Baba anakosoa vifaa vyetu, na kwamba mwalimu haachi kusahihisha hata akiwa likizo.

Jambo jingine lilinifurahisha zaidi. Baba alianza kuja na majeraha usoni. Vipande vidogo vya karatasi vilivyonata kwa damu kidevuni, mistari shingoni. Miaka yote alikuwa akinyolewa na kinyozi, uso wake laini kama wa mwanafunzi, na sasa alifika kama mtu aliyepita kwenye ua wa miiba.

"Guka, Baba amepigana na paka," nilimwambia.

Guka akacheka mpaka bega zima likatikisika. Kisha akauliza, "Amekwaruzwa wapi? Shavuni ama shingoni?"

"Shingoni."

"Anasimamisha mashine." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Mke wangu! Ukifika shingoni, mashine ilale! Na unyoe kwenda kando, si kwenda juu!"

"Najua, Guka. Si ulinifundisha kitambo?"

"Nakukumbusha," alisema, macho bado mlangoni.

Kila mwisho wa mwezi ikawa hivyo. Ananiuliza Baba amejikata wapi, namwambia, tunacheka, kisha ananipigia kelele somo ninalolijua. Nilikasirika mpaka siku moja nikamjibu kwamba mimi si kiziwi. Barazani palikuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza kila neno, akirudi Muthara Jumapili jioni, akijaribu kila neno juu ya shingo yake mwenyewe. Sikuliona hilo. Niliona mwanamume mzima asiyejua kunyoa, nikasema hivyo siku moja, kwa sauti, nikiwa na mashine mkononi. Guka hakucheka siku hiyo. Baba ndiye aliyecheka, kule nje.

Mwezi uliofuata alikuja na mkato mmoja tu. Uliofuata huo, hakuna hata mmoja.

Guka naye alikuwa akishuka. Sauti ilififia, akawa anakula uji tu, analala kwenye kiti juani blanketi likiwa magotini. Jumamosi moja nilifika na kopo la biskuti na maji kama kawaida, naye akatikisa kichwa.

"Leo hapana. Wacha ziote."

Nilisimama pale na maji yakipoa. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema la. Nilimuuliza kama nimemkosea, akatabasamu upande ule mzima wa mdomo. "Wacha tu, mke wangu."

Wacha tu. Maneno yaleyale, na mkono wangu ukashikwa vilevile.

Sasa najua yaliyokuwa yakiendelea juu ya kichwa changu. Baba alikuwa amempigia Mama simu, akasema Jumamosi ijayo atakuja na angependa, kama mzee ataridhia, amnyoe yeye mwenyewe. Mama akauvuka ua, akamwambia Guka akiwa amesimama mbali kidogo kwa heshima. Guka akajipapasa kidevu, mwisho akasema, "Mwambie aje." Na akaanza kufuga ndevu ili mwanawe akute kazi ya kufanya. Hakuna aliyeniambia. Watoto hawakuwa wakiambiwa vitu, walikuwa wakitumwa vitu.

Wiki ile nilikaa darasani nikiziona zile ndevu nyeupe zikitokeza kama barafu ya mlimani asubuhi. Kila jioni niliporudi zilikuwa zimeongezeka, na kila jioni niliamini zaidi kwamba naangalia mtu anayejiandaa kuondoka. Cucu nilimwacha. Guka sikuwa tayari kumwacha.

Jumamosi Mama alienda kupeleka majani chai kituoni. Nilichemsha maji. Guka alikuwa kwenye kiti chake juani, kichwa kimeegama, macho yamefumbwa. Aliposikia kitambaa cha moto usoni alifungua macho, akanitazama, akainua mkono wa kushoto akanishika kifundo cha mkono. Akasema kitu nusu, nadhani alianza kusema ngoja. Mimi tayari nilikuwa nikilia.

"Guka, usiende," nikamwambia. "Nitakunyoa vizuri. Usiende kama Cucu."

Alinitazama kwa muda. Sijui kama mtu amewahi kunitazama hivyo tena. Kisha akaachia mkono wangu na kuinua kidevu, kama alivyokuwa akiinua siku zote.

Sijawahi kunyoa vizuri vile. Nilipita mara ya kwanza kufuata nywele, nikapaka povu tena, nikapita kando, nikamaliza na maji baridi. Chozi likamshuka, nikalifuta nikimwomba radhi kwa sabuni iliyomwingia machoni. Nilimpapasa shavu kwa nyuma ya vidole, na halikuwa na hata punje moja. Nilikuwa na furaha kubwa. Niliamini nimemzuia.

Baba alifika jua likiwa limeshapita utosini. Uso wake ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo, na kwapani alikuwa na taulo jipya jeupe lililokunjwa. Alisimama mbele ya baba yake. Aliona mashavu yale yanayong'aa, akaniona mimi nikianua kitambaa kwenye kamba, akaliona kopo la biskuti.

"Guka amenyolewa vizuri sana," akasema polepole. "Kazi nzuri, Mama."

"Zitaota," Guka akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wiki ijayo zitakuwa zimeota."

Nikacheka. Nikasema wiki ijayo nitazitoa tena.

Baba alilala kwetu siku ile, Jumapili akaenda kanisani, alasiri akarudi Muthara kwa kuwa Jumatatu kulikuwa na mitihani. Aliliacha taulo. Jumatatu asubuhi Mama alipompelekea Guka uji, uji ulirudi.

Mama hakukubali mzee aondolewe mpaka mwanawe afike. Majirani walikaa uani, wanawake wakaimba kwa sauti ya chini. Baba alifika adhuhuri na chaki bado kwenye mikono ya koti. Akaingia chumbani peke yake, baada ya muda akafungua mlango kidogo na kuomba maji moto. Mama akanipa birika. Nadhani alinipa mimi kwa mazoea tu, maana maji moto ya chumba kile yalikuwa kazi yangu.

Nilipoingia, Baba alikuwa amefungua kopo la biskuti. Taulo jeupe lilikuwa kifuani kwa Guka. Alilowesha brashi ile aliyoileta yeye, akaikung'uta, akatengeneza povu katika bakuli, na povu lilikuwa zito, bila mapovu makubwa, zuri kuliko langu. Akapaka mashavu, kidevu, shingo. Akachukua mashine. Nikaona wembe uko mezani, bado umefungwa katika karatasi yake.

Alimnyoa kwa mashine tupu. Kidole gumba kilivuta ngozi, mashine ililala, shavuni akashuka, shingoni akaenda kando. Hakuisukuma. Kila baada ya mpito aliifuta kwenye taulo, na juu ya taulo lile jeupe hapakuwa na hata unywele mmoja, povu tu. Kwanza nilidhani anaogopa kumkata. Kisha nikaangalia taulo tena, lile alilokuja nalo Jumamosi, na nikaelewa zile ndevu zilikuwa zikifugwa kwa ajili ya nani; vilivyoota kwa siku mbili havikuutosha wembe. Nilikuwa nimezimaliza zote.

Niliweka birika chini nikatoka. Nilienda kukaa nyuma ya zizi mpaka nilipoitwa.

Tulimzika kando ya Cucu. Baada ya mazishi wazee walileta tena kile kiti, na shangazi zangu wakajipanga. Mchungaji alikuwa bado hajaondoka, ameketi na sahani yake. Baba akavua koti, akalikunja, akaenda kukaa wa kwanza. Watu waligeuka. Shangazi mkubwa akaja na wembe, Baba akatikisa kichwa.

"Mama ndiye ataninyoa," akasema. "Mwiteni."

Walinileta. Shangazi alipunguza nywele kwa makasi, kisha akanipa kopo la biskuti. Nikampaka Baba povu kichwani. Nilipapasa nione nywele zimelalia wapi, nikaanzia utosini. Ilikuwa mara ya kwanza kukigusa kichwa chake, na nilishangaa kilivyokuwa na joto. Nilikuwa nimekusanya ujasiri tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga kwamba nikifika nyuma, mahali asipoweza kuniona uso, nitamwambia anisamehe.

Nikafika nyuma. Kabla sijafungua mdomo, akasema yeye, kwa sauti ambayo hata shangazi hakuisikia, "Nisamehe, Mama."

Alikuwa ameyachukua maneno yangu. Nilidhani amekosea, kwamba amechanganya ni nani wa kumwomba nani. Nikanyamaza, nikaendelea kunyoa. Alisubiri. Niliona mabega yake yakisubiri, kisha niliyaona yakiacha kusubiri.

Nimeishi na yote mawili, na nikiulizwa lipi limeniuma zaidi, ni hili la pili. Ile Jumamosi nilikuwa mtoto anayeogopa. Lakini siku ya kiti, katika ua wote ule, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na jina la mama yake Baba, na mkono juu ya kichwa cha Baba, na mtu huyo alifunga mdomo. Ile Jumamosi haikuwa siri. Shangazi zangu huisimulia kwenye kila harusi, jinsi nilivyomnyoa Guka akaenda mbinguni msafi, na watu hucheka, nami hucheka nao humohumo nikiomba sahani zipitishwe. Baba hajawahi kucheka wala kunilaumu. Ameendelea kunyoa kichwa chake chote kila mwisho wa mwezi tangu wakati ule, na kanisani wakazoea.

Baada ya lile kopo la sabuni la mwanangu sikulala vizuri. Ijumaa nilimwambia, "Niazime hiyo mashine yako na hiyo sabuni." Akaniuliza nani ananyolewa. Nikamwambia, "Yule uliyerithi jina lake."

Nilisafiri hadi Kianjokoma, nikamkuta Baba kwenye baraza ileile ya Guka. Ana ukungu machoni siku hizi, na kichwa chake kilikuwa na mikato midogo nyuma, mahali ambapo mkono hufika lakini jicho halifiki. Mama akapiga kelele kutoka jikoni kwamba amemwambia na kumwambia, na kwamba mzee hasikii.

"Nasikia," Baba akasema. "Sitaki tu."

"Leo nitakunyoa mimi," nikamwambia.

Akajivuta mbele kwenye kiti. Nilimwekea kitambaa cha moto. Akanusa sabuni. "Hii ni ya yule kijana? Nzuri. Inakaa ile ya mzee." Nikapaka, nikapapasa, nikaanzia utosini kama siku ile. Nywele sasa ni nyeupe na laini, zinakatika bila sauti. Nikafika nyuma.

"Baba," nikasema, "nimekusamehe."

Sikumweleza ni nini. Hakuuliza. Mabega yake yakashuka, taratibu, na nilisimama na mashine hewani.

"Umechukua muda, Mama," akasema mwishowe. Nusu alikuwa akicheka, nusu sijui.

"Na mimi ile Jumamosi..." nikaanza.

"Ile Jumamosi," akanikatiza, "nilikuwa Kianjokoma tangu asubuhi."

Sikuelewa.

"Nilishuka hapo sokoni mapema, hata maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Nikaingia hotelini nikaagiza chai. Nikasema nikimaliza hii naenda. Nikaagiza ingine. Nilikuwa na taulo kwa magoti. Niliogopa, Mama. Mtu mzima, mwalimu, nikiogopa mkono wangu utatetemeka anione. Nilikunywa chai mpaka jua likawa kali. Ningetoka mara ya kwanza, ningekuta bado hujachemsha maji."

Mama jikoni alikuwa akigonga mwiko kwenye sufuria. Kuku alipanda barazani, hakuna aliyemfukuza. Nilijaribu kusikia kama mzigo wangu umepungua, na haukuwa umepungua. Nilichosikia ni kwamba haukuwa wangu peke yangu, na kwamba yeye alikuwa ameubeba wake miaka yote hii hapa barazani, akiniangalia nikichekacheka kwenye harusi.

"Hukuniambia," nikasema.

"Wewe uliniambia nini?"

Akainamisha kichwa ili nipate nyuma ya sikio. Niliigusa ile ngozi na mashine, akashtuka kidogo.

"Maji yamepoa," akasema.

Nikaenda jikoni kuongeza moto.